Umevuka arobaini? Mwongozo wa kutunza mwili kwa chakula, miti shamba na vipimo, kwa watu wa Mtwara na Lindi

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nilipewa vidonge vya presha, sasa imeshuka, niache?" "Mlonge na dawa ya sukari vinaenda pamoja?" "Mama magoti yanamuuma, anameza diklofenaki kila siku, kuna ubaya?" "Mimi sijisikii vibaya, nipime nini?" Wanaouliza wanatoka Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, Kilwa, na wengi wao wamevuka arobaini au wanauliza kwa niaba ya wazazi wao. Nimeweka majibu pamoja, kwa mpangilio wa kufuata kuanzia mwanzo.

Kwanza nieleze msimamo wangu. Sina ugomvi na miti shamba. Bibi zetu walijua mengi, na baadhi ya waliyoyajua yamethibitika. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kufichana. Mgonjwa anamficha daktari dawa ya mti, kisha anamficha mganga vidonge vya hospitali, na mwili unabeba vyote viwili bila mtu yeyote kujua. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inarudi kwenye daftari moja. Ukilipuuza daftari, mengine yatakusaidia nusu tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja la jalada gumu, na kalamu isiyofutika kwa maji.
- Kamba yenye urefu sawa na urefu wako.
- Kijiko cha chai cha kawaida.
- Saa, hata ya simu.
- Mfuko wenye dawa zote unazotumia: vidonge, mizizi, unga, mafuta ya kuchua, chupa za sokoni. Zote.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua kusoma na atakayejua daftari linakaa wapi.
- Asubuhi moja isiyo na haraka. Msimu wa kuokota korosho hutaipata, kwa hiyo ipange kabla.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Ukurasa wa kwanza andika jina, mwaka wa kuzaliwa, na magonjwa ya ukoo. Baba alipooza upande mmoja? Shangazi ana sukari? Kuna aliyefariki kwa saratani ya titi au ya mlango wa kizazi? Andika, kwa sababu daktari atauliza, na siku hiyo utasahau.

Ukurasa wa pili mwaga ule mfuko mezani na uandike kila kitu kilichomo, kimoja kimoja. Kidonge: jina, nguvu yake, mara ngapi kwa siku. Mti: jina unalolijua wewe, liwe la Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kiswahili, sehemu iliyotumika (jani, gome, mzizi), umechemsha au umesaga, kiasi gani, tangu lini. Usione aibu. Hakuna daktari mwenye akili atakayekugombeza kwa kumwambia ukweli, na ukimpata anayegombeza, tafuta mwingine, ila usiache kusema.

Kurasa zinazofuata ni za vipimo. Chora mistari minne: tarehe, saa, namba, na ulichokuwa umekifanya kabla.

Hatua ya 2: Pima presha kwa njia sahihi

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wanapewa namba isiyo yao. Mtu ameshuka kwenye bodaboda, amepanda ngazi, amebanwa mkojo, anagombana na mtoto kwenye simu, na mkanda unafungwa juu ya mkono wa koti. Namba itakayotoka hapo ni ya kelele tu.

Fanya hivi:

1. Nusu saa kabla, usinywe chai ya majani wala kahawa, usivute sigara, usinuse ugoro.
2. Nenda haja ndogo.
3. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, umeegemea, kwa dakika tano. Miguu yote chini, usikunje nne.
4. Vua koti au sweta. Mkono wa gauni ukibana ukiusukuma juu, ni bora uutoe kabisa na ujifunike khanga. Mkanda ukae kwenye ngozi.
5. Laza mkono mezani, usawa wa moyo. Mkono unaoning'inia hupandisha namba.
6. Nyamaza. Kuongea hupandisha namba pia.
7. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja au mbili katikati. Andika zote mbili.

Chini ya 120/80 ni vizuri. Kuanzia 140/90, ikirudiwa siku tofauti na kutoka hivyo hivyo, hiyo ni presha ya juu na inahitaji daktari. Kati ya hapo, rudia kila baada ya wiki chache na uanze hatua ya 3 leo leo. Ikifika 180/120 pamoja na kichwa kuuma sana, kifua kubana, kuona ukungu au kushindwa kupumua, nenda hospitali muda huo huo.

Zahanati nyingi zina mashine, na baadhi ya maduka ya dawa pia hupima. Huhitaji kununua yako kwanza.

Sukari: pima asubuhi kabla ya kula, ukiwa umekaa bila chakula kwa muda wa saa nane au zaidi. Kuanzia 7.0 (mmol/L) kwenda juu, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani kuelekea huko, na bado unaweza kurudi.

Kiuno: chukua ile kamba yenye urefu wako, ikunje katikati, uizungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kubana tumbo. Ncha zikikutana, uko salama. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayoleta sukari na presha. Watu wembamba wa mikono na miguu wenye kitambi wanashangaa sana kwenye kipimo hiki.

Angalizo: presha haina dalili kwa wengi. Kusubiri kichwa kiume ndipo upime ni kosa linalotupotezea watu. Ukishavuka arobaini, pima walau mara moja kwa mwaka hata ukiwa unalima ekari zako bila shida.

Hatua ya 3: Hesabu chumvi ya nyumba yako

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja, na humo mna ya kwenye mboga, kwenye mkate, kwenye samaki, kila mahali. Ukimwambia mtu hivyo anaitikia na kwenda zake. Kwa hiyo usihesabu vijiko. Hesabu pakiti.

Siku unayofungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Watu watano wakila gramu 5 kila mmoja, wanamaliza gramu 25 kwa siku, na pakiti inapaswa kukaa siku 20. Ikiisha kwa siku 7, kila mtu mezani anakula karibu gramu 14, karibu mara tatu ya kiasi, hata kama hakuna anayesema chakula ni cha chumvi. Ulimi umeshazoea.

Bado hujahesabu ng'onda. Sisi wa pwani hatuishi bila papa mkavu na samaki wa chumvi, na sikuambii uache. Loweka usiku kucha kwenye maji mengi, mwaga, suuza, chemsha mara moja, mwaga tena, kisha upike bila kuongeza chumvi yoyote. Dagaa wa chumvi vivyo hivyo. Kachori, viazi vya barabarani na vile vikolezo vya vipande vya kuongeza ladha, vyote ni chumvi.

Ladha itarudi kwa ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, embe mbichi. Punguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, usikate ghafla, familia itakususia chungu.

Angalizo: chumvi ya mashambani mwetu, ile inayovunwa pwani na kuuzwa kwa kopo ikiwa mbichi, mara nyingi haina madini joto. Ya kula nyumbani iwe iliyoongezwa madini joto.

Hatua ya 4: Panga sahani, siyo kununua vyakula vipya

Huhitaji chochote kutoka Dar es Salaam. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali, wali au muhogo, robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, yai au jamii ya kunde. Kwetu tatizo ni kwamba robo ya ugali imekuwa robo tatu.

Kusini tuna utajiri ambao tunausafirisha wote na kubaki na makopa. Mbaazi, choroko, kunde na njugu mawe vinajenga misuli na havipandishi sukari haraka. Ufuta ambao Lindi inauuza kwa magunia una mafuta mazuri. Bakiza debe moja nyumbani, usage, unyunyize kwenye kisamvu. Korosho nazo: konzi moja kwa siku, kama punje 15 hadi 20, bila chumvi. Na bibo lenyewe, ambalo wengi wanalitupa au kulipeleka kwenye uraka (pombe ya mabibo), lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ulile likiwa limetoka tu kuokotwa, siku hiyo hiyo, kabla halijachacha.

Mzee aliyepoteza meno huishia uji mtupu na chai, na misuli yake inakwisha. Mpondee mbaazi, mchambulie samaki, mwagie ufuta au karanga zilizosagwa kwenye uji, mpe yai. Mtu akizidi miaka 60 anahitaji chakula cha kujenga mwili kuliko anavyodhani, hata kama hamu imepungua.

Mambo matatu ya kuwa mkali nayo:

Muhogo mchungu. Usifupishe kuloweka na kukausha kwa sababu ya njaa au mvua. Sumu iliyobaki, hasa kwa mtu asiyekula samaki wala kunde, inaweza kupoozesha miguu moja kwa moja. Ugonjwa huo unaitwa konzo na hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri na kichemke vya kutosha, chungu kikiwa wazi.

Karanga na mahindi yenye ukungu. Sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kukaanga, na ndiyo mojawapo ya visababishi vya saratani ya ini. Usiwapelekee kuku, usiisage kwa ajili ya uji wa watoto. Tupa.

Sukari ya kwenye kikombe. Chai tatu kwa siku zenye vijiko vinne vinne ni vijiko 12 kabla hujala kitu kingine. Shusha kijiko kimoja kila wiki mbili.

Hatua ya 5: Tembea, inuka, simama kwa mguu mmoja

Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa nguvu kidogo lakini bado unaweza kuongea. Nusu saa, siku tano. Msimu wa kilimo wengi wanavuka hapo bila kujua. Shida ni miezi ya baada ya mauzo, fedha iko, kiti kiko kivulini, na mwili unakaa. Mfanyabiashara wa mjini Mtwara au Lindi, mwalimu, dereva, ninyi mpo hivyo mwaka mzima.

Ongeza mawili. La kwanza: kaa kwenye kigoda, inuka bila kushika kitu, kaa tena, mara kumi. Fanya walau siku mbili kwa wiki. La pili: karibu na ukuta, simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi kumi, badilisha. Wazee wafanye siku tatu au zaidi kwa wiki. Mzee anayeanguka chooni usiku na kuvunjika nyonga mara nyingi harudi alivyokuwa, kwa hiyo weka pia taa ya njia ya kwenda chooni na kijiti cha kushika.

Hatua ya 6: Miti shamba, kwa utaratibu

Umefika hapa ukiwa na vipimo vyako, umeshapunguza chumvi na umepanga sahani. Sasa ndipo miti inaingia, siyo kabla. Sababu ni nyepesi: ukianza vyote siku moja, hutajua kilichokusaidia wala kilichokudhuru.

Kanuni ninazozisimamia:

Mti mmoja kwa wakati mmoja. Pima kabla, pima baada ya wiki mbili, andika. Mchanganyiko wa miti saba kwenye chupa moja haumwambii mtu kitu.

Mti hauchukui nafasi ya kidonge. Presha ikishuka ukiwa unatumia vyote viwili, anayepunguza dozi ni daktari, akiangalia daftari lako.

Chakula ni salama kuliko dawa iliyokolezwa. Tangawizi, kitunguu saumu, mdalasini na manjano kwa kiasi cha mchuzi havimdhuru mtu. Ukianza kusaga vitunguu saumu vichwa vitatu na kunywa kila asubuhi, umeshaingia kwenye dawa.

Sasa miti ninayoulizwa zaidi:

*Mlonge.* Majani ni mboga nzuri sana, yapike kama mchicha. Unga wake unaweza kushusha sukari, kwa hiyo ukiwa unameza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) au unachoma insulini, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mizizi na magome yake yaache kabisa, yana sumu, na kwa mjamzito ni hatari zaidi.

*Rosela, au choya.* Maji yake bila sukari yanaweza kushusha presha kidogo. Kidogo. Wanaoyanywa na vikombe vya sukari wanaondoa faida yote. Ukiwa kwenye vidonge vya presha, pima mara kwa mara unapoanza, hasa ukisikia kizunguzungu ukisimama.

*Ubuyu.* Unga wa ndani ya tunda una vitamini C na nyuzinyuzi. Ule mwekundu wa kwenye vifuko ni pipi.

*Mwarobaini.* Unashusha sukari kwa baadhi ya watu, lakini kunywa kwa miezi kunaweza kuumiza ini na figo. Siushauri kwa matumizi ya kila siku, na mjamzito asiuguse.

*Shubiri.* Utomvu wake wa njano unaharisha kwa nguvu na kupoteza madini ya potasiamu mwilini. Anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza yuko kwenye hatari kubwa zaidi.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze mti wowote, hata kitunguu saumu au tangawizi ya wingi, bila kumwambia daktari wake kwanza.

Kwa mganga, uliza: dawa hii inaitwaje, ni sehemu gani ya mti, kiasi gani, siku ngapi? Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kuna baraza linalosajili waganga. Kuuliza cheti cha usajili si dharau. Mwenye kazi yake safi anakuonyesha. Unga usio na jina unaotibu presha, sukari, nguvu za kiume na mikosi kwa pamoja, usinunue. Dawa za namna hiyo wakati mwingine zinachanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, ndiyo maana maumivu yanakata siku ile ile na figo zinalipa baadaye.

Kupiga chuku na kuchanja chale: wembe mpya, uliofunguliwa mbele ya macho yako, kwa kila mtu. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi vinapita hapo. Mwenye kisukari au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asifanye kabisa.

Hatua ya 7: Ondoa vinavyokula mwili kimya kimya

Dawa za maumivu ndizo za kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku zinapandisha presha, zinachubua tumbo na kuharibu figo, na mzee wa miaka 65 mwenye presha ndiye anayeumia mapema. Kwa magoti jaribu kwanza mazoezi ya kigoda ya hatua ya 5, kupunguza uzito, kitambaa cha maji ya moto, mafuta ya kuchua, na parasetamoli kwa kiasi kilichoandikwa. Maumivu yakizidi, apimwe.

Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha unaharibu mapafu na macho ya mama zetu. Hamishia jiko penye hewa, tumia kuni kavu.

Wapulizaji wa salfa kwenye mikorosho, zibeni pua na mdomo kwa barakoa inayobana, vaeni miwani na mikono mirefu, simameni upande upepo unakotoka, ogeni kabla ya kula. Mwenye pumu asipulize.

Sigara na ugoro, acha. Uraka na gongo vinapandisha presha na kuharibu ini, na gongo isiyojulikana ilivyopikwa imeua watu na kupofusha wengine.

Hatua ya 8: Tafuta magonjwa yanayojificha

Kina mama wa miaka 30 hadi 50: kipimo cha mlango wa kizazi kwa kutumia siki kinapatikana kwenye vituo vingi vya serikali, ni cha dakika chache. Mwenye virusi vya Ukimwi apime mara nyingi zaidi. Damu inayotoka baada ya kukoma hedhi, hata tone, ni ya kuonyesha daktari haraka. Titi lenye uvimbe, ngozi iliyovutwa au chuchu inayotoa damu halisubiri.

Kina baba: mkojo unaotoka kwa kukatika katika, au kuamka mara nyingi usiku, muone daktari. Busha na matende vipo sana mikoa yetu. Kampeni ya kumeza dawa inapopita kijijini, meza, hata ukiwa huna uvimbe.

Kikohozi cha wiki mbili: kipimo cha kifua kikuu. Macho kuwa na ukungu: yaweza kuwa mtoto wa jicho, anayetolewa kwa upasuaji, na siyo kwa matone ya mizizi. Mwenye kisukari akaguliwe macho na nyayo kila mwaka.

Mahali pa kwenda: anza zahanati au kituo cha afya. Wakikuandikia rufaa, kuna Ligula na hospitali ya kanda ya Mitengo kwa Mtwara, Mkomaindo na Ndanda kwa upande wa Masasi, Sokoine kwa Lindi, Nyangao kwa walio njia ya Mtama. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama kwenye vituo vya serikali. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa ili apate utambulisho kabla hajaugua, siyo siku ya kuugua.

Ukikwama

*Nameza vidonge lakini presha haishuki.* Fungua daftari uangalie kwa mpangilio huu: je, kuna siku umeruka? Ulipima kama hatua ya 2 inavyosema? Pakiti ya chumvi ilikaa siku ngapi? Unameza diklofenaki? Unakunywa pombe? Mara nyingi jibu liko kwenye moja ya hayo matano. Lisipokuwemo, dozi inahitaji kubadilishwa.

*Presha imekuwa 120/80, niache?* Hapana. Imekuwa 120/80 kwa sababu ya kidonge. Ukiacha itapanda, na haitakuaga.

*Dawa inanisumbua.* Usiache, nenda ukabadilishiwe. Kaptopri na enalapri zinaweza kuleta kikohozi kikavu. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Vidonge vya kukojoza vimezwe asubuhi ili usiamke usiku. Kwa kila mojawapo kuna mbadala.

*Dawa zimekwisha kituoni.* Usisubiri kidonge cha mwisho. Zikibaki za wiki moja, anza kutafuta. Usiazime za jirani. Kidonge chake cha presha kinaweza kuwa cha aina nyingine kabisa.

*Ramadhani imekaribia na nina sukari.* Muone daktari kabla ya mwezi kuandama, mpange upya saa na dozi za dawa. Wapo wanaoweza kufunga salama, na wapo ambao kufunga kunaweza kuwaua, hasa wanaochoma insulini. Futari ya mihogo ya nazi, tambi za sukari na juisi kwa mkupuo mmoja nayo inarusha sukari juu.

*Natetemeka, jasho linatoka, nachanganyikiwa.* Sukari imeshuka. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, subiri dakika 15. Usipopata nafuu, rudia. Kisha kula chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

*Mganga kaniambia niache dawa za hospitali ili yake ifanye kazi.* Hiyo ndiyo alama ya kuondoka kwake. Mganga mzuri hakuogopeshi kupimwa.

*Mzee wetu hataki kusikia habari za hospitali.* Usibishane naye. Mpime presha nyumbani mbele ya wajukuu, mwandikie namba kwenye daftari lake, umwache alishike. Wengi wanaanza kuuliza wenyewe namba ikibadilika. Na mara nyingine kinachomkatalisha ni upweke au huzuni ya kufiwa, si ubishi. Mzee asiyelala, asiyekula, asiyetaka kwenda msikitini wala kanisani kama zamani, anahitaji kuongea na mtaalamu wa afya kama vile anavyohitaji kupimwa sukari.

*Uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, ghafla.* Hicho ni kiharusi. Mlaze kwa ubavu, usimpe maji, usimpe dawa yoyote ya presha ya haraka haraka, usimchanje chale, usisubiri kuche. Tafuta gari lolote. Andika kwenye daftari saa ilipoanza, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa mkifika, na ulibebe hilo daftari pamoja na mfuko wa dawa zake zote.